Muuzaji Hanunui

Ninyi vijana wa kituo mmenisumbua vya kutosha. Tangu siku niliyorudisha funguo za stoo, haipiti wiki bila mmoja wenu kuniomba niandike namna tulivyokuwa tunaendesha minada. Mmoja wenu, ambaye simtaji jina kwa sasa, alikuja akakaa jikoni kwangu na kunitisha waziwazi: "Mama Henriette, ukikufa na hii mambo yote mu kichwa, sisi tutauliza nani? Tutauliza udongo?" Mtoto wa watu hana haya! Lakini ana haki. Basi nimenunua kalamu ya Bic, nimefukuza wajukuu mezani, na ninaandika. Nitaandika Kiswahili cha shule kama masista walivyonifundisha, ila watu nitawaacha waseme kama walivyosema, maana mtu wa Kolwezi ukimsemesha kama kitabu anageuka mtu mwingine.

Mshahara sitausema, hamtaamini. Vyeo sikuwa navyo vya kutosha kujaza mstari mmoja.

Kwa yule atakayesoma bila kutujua, kituo chetu cha Kolwezi kinatunza watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Wakiletwa wachanga tunawafunga plasta. Wakikua kidogo tunawashonea viatu vyenye vyuma. Waliochelewa kabisa tunawatafutia upasuaji Lubumbashi. Haya yote yanataka makuta, yaani pesa, na makuta mengi ya kituo yametoka kwenye vitu vya mpira: jezi, glavu, viatu, mipira, vyote vikiwa na saini za wachezaji wenyewe. Mchezaji anatupa bure, sisi tunauza kwa mnada, mtoto anatembea. Kazi yenyewe ni hiyo tu.

Mimi nilikuwa muuza makayabu, samaki wa chumvi. Pale sokoni watu walijua sauti yangu kabla hawajasikia harufu ya samaki wangu, na harufu ya makayabu mnaijua. Siku moja nilikuwa nagombana na mteja aliyetaka kupunguziwa bei hadi aibu, nikaona mzee mmoja mrefu amesimama pembeni anacheka. Alikuwa Tata Mwepu, refa wa zamani, ambaye ndiye aliyeanzisha minada ya kituo. Akaniambia, "Mama, hii sauti yote unatumikisha ku samaki tu? Ni zambi. Kuya siku ya mungu ku paroisse, nikuonyeshe kazi."

Nikaenda. Nilidhani Jumapili hiyo ninaenda kuuza samaki wa padri.

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Mezani kulikuwa na mpira mmoja wenye saini za timu nzima ya mji, beseni la bati, na mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu. Mchi ule ndio ulikuwa nyundo ya Tata Mwepu. Aliuchukua jikoni kwake siku ya mnada wa kwanza, akaahidi kuurudisha jioni, na mke wake alimdai mchi wake mpaka walipozeeka wote wawili.

Sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu wageni huwa hawaelewi mnada wetu. Si kama ule wa televisheni, ambapo watu wanainua mkono na mwisho analipa mmoja. Kwetu, anayepandisha bei anakuja mbele na kutia nyongeza yake kwenye beseni palepale, na alichotia hakirudi. Ukiongeza noti ndogo kabisa, umeongeza. Anayefuata anatia yake. Kwaya inaimba kiitikio kifupi. Wakikirudia mara tatu bila mtu kusogea, mchi unapigwa mezani, na wa mwisho kutia ndiye mwenye kitu. Kwa hiyo mama anayeuza bitumbula, maandazi yetu, barabarani na bwana mwenye malori wote wamenunua, ingawa mpira unaenda nyumbani kwa mmoja. Tata Mwepu alikuwa anasema kidole kimoja hakivunji chawa, na chawa wetu ni wakubwa.

Siku ile ya kwanza Tata Mwepu aliniambia niite wanunuzi, nikapiga kelele mpaka kuta zikaniitikia. Watu walicheka, walitia, beseni likaanza kulia. Nikapandwa na furaha, nikavuta noti yangu ya samaki kutoka kwenye fundo la kitenge, nikaitupa ndani. Kwaya ikakatika. Tata Mwepu alikuwa ameinua mkono kama anasimamisha mchezo. Akaingiza vidole ndani ya beseni, akatoa noti yangu, iliyokuwa inanuka makayabu hivyo haikumpa shida kuitambua, akanirudishia mbele ya watu wote.

"Mama, muuzaji hanunui," akasema. "Ukitia franga yako, kesho batasema ulipandisha bei na mukono yako. Weye unauzisha. Bengine bananunua. Njo vile."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini toka siku ile hadi nilipostaafu sikutia hata sarafu kwenye beseni. Nilinunulia kituo sabuni, nilipika, nilishona mapazia, ila kwenye mnada mkono wangu ulibaki nje. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo. Jaribuni kuwa mtu anayeita wengine wote kwenye chakula na yeye haonji.

Mpira ule, kwa taarifa yenu, aliununua bwana mmoja mwenye duka. Akatoka nao nje, akawatupia wanawe, na kabla jua halijazama saini za timu nzima zilikuwa zimebaki mavumbini. Mimi nikalia kama msiba. Tata Mwepu akaniambia mpira ni wa kucheza, mama, ulitaka auvalishe suti? Nilimpenda mzee yule tangu hapo.

Alinifundisha mengi kwa njia ya kuniacha nikosee kwanza. Kuna kijana aliyetoka Dilolo na mzigo wa jezi, zote zimesainiwa, alisema, na nyota wa nje aliyekutana naye upande wa Angola. Mimi nikaruka kwa shangwe. Tata Mwepu akanusa jezi moja, akamuuliza kijana, "Huyu muchezaji alikuwa anavaa namba gani?" Kijana akataja. Alipoulizwa mara ya pili akataja nyingine. Mara ya tatu akakumbuka kwamba basi lake linaondoka. Njia ya mwongo ni fupi, na ile ilikuwa fupi kuliko njia ya kwenda kituo cha basi. Ndipo mzee aliponipa sheria yake kubwa: usiuze saini ambayo hukuona ikiandikwa, na usiseme juu ya kitu neno ambalo kitu chenyewe hakiwezi kulibeba. "Batu habanunue jezi," alisema. "Bananunua neno yako. Siku neno yako itaoza, huu muchi ni kuni."

Mzee akatutoka akiwa amelala, kama watu wema wanavyoombewa. Mchi akaniachia mimi. Mke wake alikuwa ameshatangulia, hivyo hakuna aliyeudai.

Sasa nifike kwenye jezi ya Kalenga, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Tata Kalenga alikuwa kipa. Walimwita Mulango, yaani mlango, kwa sababu akisimama golini mlango umefungwa. Kila mtu mzima wa Kolwezi atakuambia alikuwa wapi siku ya fainali ya kombe, redio iliposema Mulango amezuia penalti huku kidole chake kimevunjika. Alipoacha mpira alirudi kwao Kasaji, akalima mihogo na mahindi, akapeleka sokoni kwa baiskeli kama watu wote. Jezi ya fainali, ya njano, namba moja mgongoni, hakumpa mtu. Wakubwa walikuja na magari, wakarudi na vumbi lao. Sisi hatukuthubutu hata kuomba.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetuma neno. Nikapanda motopikipiki hadi Kasaji, na mgongo wangu bado unaikumbuka njia ile. Nilimkuta amekaa nje, amekonda, kifua kinamsumbua. Hakuniuliza habari za safari. Akanionyesha uwanja wa watoto mbele ya nyumba yake.

"Unaona ule mutoto mu gol?"

Niliona. Katikati ya miti miwili ya goli alikaa msichana mdogo, amekaa chini kabisa, miguu yake imekunjika chini yake, nyayo zimegeukia ndani. Mpira ulikuja kwa nguvu. Akajitupa ubavu, akaushika, akawatukana waliopiga.

"Anaitwa Béa," Tata Kalenga akasema. "Bazazi bake balikufa, anaishi na nkambo yake. Minamuangalia tangu kiangazi yenye ilipita. Ule ni gardien, mama. Mi najua gardien. Mukono yake inaenda mbele ya mupira. Lakini gardien anazuiya akikaa chini, namna gani? Inafaa asimame."

Akaingia ndani, akatoka na jezi. Ilikuwa bado na udongo mwekundu wa fainali kwenye viwiko. Nikatafuta kalamu nene ya wino usiotoka mkobani, sikuwa nayo, zilikuwa zimeisha kwenye mnada uliopita. Nikaazima kalamu ya rangi, ile ya watoto wa shule, kwa jirani. Mshike hapo, vijana: ile kalamu ya watoto. Tata Kalenga akatandika jezi kwenye paja, akaandika jina lake upande wa moyo, polepole, ulimi nje kama mwanafunzi. Nikaona kila herufi kwa macho yangu. Kisha akaniomba kitu kimoja. "Acha ilale na mi mpaka siku ya munada. Ilinibeba mingi. Niiage pole pole."

Ningemkatalia vipi?

Tukamleta Béa kituoni pamoja na nkambo yake, yaani bibi yake. Daktari wa mifupa, anayekuja Lubumbashi kila kiangazi kupasua watoto kama yeye, alipopita kwetu alimpima, akakunja uso. Alituambia mtoto amechelewa sana, mifupa inakomaa. Kiangazi hiki anaweza kuinyoosha. Kiangazi kijacho hatoi ahadi. Na hospitali haitengi kitanda wala vyuma bila kulipwa kwanza. Kwenye sanduku la kituo kulikuwa na hewa. Kwa hiyo kila kitu kiliegemea jezi ile: ikiuzwa vizuri, Béa anasimama, isipouzwa, anabaki chini maisha yake yote. Nkambo yake aliniuliza mara moja tu, "Mama, hiyo nguo itatosha?" Nikamwambia itatosha. Nilikuwa na uhakika wote, kwa sababu Tata Sylvain, mwenye malori wa Fungurume, alikuwa ameshanitumia ujumbe kwamba atakuja yeye mwenyewe, na jezi ya Mulango itaning'inia ofisini kwake hata iweje.

Kabla ya mnada, Tata Kalenga akafa. Kolwezi nzima ilimlilia. Matanga yakakaliwa kule Kasaji, yakaisha kama yanavyoisha, na Jumamosi, siku moja kabla ya mnada, mjane wake, Mama Bernadette, akateremka kwenye lori mbele ya kituo akiwa na furushi la kitenge kichwani.

Alilifungua juu ya meza ya ofisi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Harufu ya sabuni ikatupiga puani. Jezi ilikuwa imefuliwa. Imefuliwa, imeanikwa juani, imepigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo yake ikasimama. Njano yake ilikuwa inang'aa, udongo wa fainali umekwenda, na upande wa moyo, pale nilipoona kila herufi ikiandikwa, kulikuwa na kivuli cha buluu ambacho ungeweza kudhani ni doa la rangi ya kitenge.

Msimlaumu. Ninyi mliozaliwa juzi labda hamjui vizuri: nguo ya marehemu haitoki nyumbani haijafuliwa. Matanga yakiisha, mjane na dada za marehemu wanafua nguo zake zote, ndipo zinagawanywa. Kumpa mtu nguo ya maiti ikiwa na jasho lake ni kumpa kifo mkononi. Mama Bernadette alijua jezi ni ya mtoto. Ndiyo maana aliifua kuliko nguo zote.

Alituona tunaangaliana. "Kuko nini?" akauliza. Nikamwonyesha mahali. Akaweka mkono mdomoni.

"Niliona ile wino. Nilizani ikisha kauka inabakia, sawa rangi ya kitenge. Niliisugua pole pole..." Akakaa chini sakafuni, miguu imenyooka mbele, kama wanavyokaa wanawake msibani. "Ni mi njo nimevunja miguu ya ule mutoto."

Katibu wetu, Jean-Paul, kijana mwema mwenye haraka, akanivuta hadi mlangoni. "Mama, saini yake iko ku kadi ya timu. Mi naweza kuiandika. Yeye mwenyewe angesema ni yake."

"Mimi sikuiona ikiandikwa hapo."

"Lakini aliandika kweli! Uliona! Uongo iko wapi?"

"Jean-Paul, mkono utakuwa wako."

"Basi ao jezi ya uongo, ao mutoto asitembee? Chagua, mama!" Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Hakuwa mtu mbaya. Huko nje Béa alikuwa amekaa kwenye ngazi anakamata mandimu ambayo nkambo yake alikuwa anamrushia, mkono mbele ya ndimu kila mara.

Nilikuwa na hasira na Jean-Paul, na kalamu ile, na Tata Mwepu aliyekufa akaniachia sheria badala ya makuta. Nikamwambia sitauza mkono wa mtu mwingine kwa jina la Kalenga. Usiku sikulala, na si kwa sababu ya utakatifu. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia nkambo.

Jumapili ukumbi ulifurika. Mbele alikaa Tata Sylvain na suti yake. Nyuma kabisa, wamesimama kwa kukosa viti, walikuwa vijana wachimbaji, ba-creuseur kama tunavyowaita, waliotoka machimboni na udongo masikioni kwa sababu baba zao waliwalea na hadithi za Mulango. Béa alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kwaya. Nikainua jezi juu, nikasema kweli yote: iliandikwa mbele yangu, marehemu akabaki nayo, matanga yakaisha, ikafuliwa kama desturi inavyotaka, saini imekwenda na maji. Hii ndiyo jezi ya fainali, na saini haipo.

Kwanza kikapita kicheko. Halafu mguno. Tata Sylvain akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa adabu, "Pole, mama. Lakini mi nilikuya kununua mukono ya Kalenga. Ile unashika sasa ni nguo." Akakaa.

Kwaya ikaanza kiitikio, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Hakuna aliyesogea. Wakarudia. Beseni lilikuwa tupu, nililiona hadi kutu yake. Mchi ulikuwa mkononi mwangu, na sheria ni sheria: kiitikio cha tatu kikiisha, ninapiga, na jezi inarudi kwenye furushi. Nkambo alikuwa ananiangalia. Sijawahi kuchukia kazi yangu isipokuwa dakika ile.

"Mama! Nina swali!" Sauti ilitoka nyuma. Kijana mmoja wa wale wachimbaji akapenya hadi mbele, buti zake zikiacha alama sakafuni. Aliitwa Fiston. "Ile jezi iko safi kweli-kweli?"

Watu wakacheka. Nikamwambia iko safi kuliko yeye. Wakacheka zaidi, naye akacheka.

"Bon. Kwetu ku karyere, gunia yenye haina jina ni ya hatari. Kila mutu anaweza kuibeba. Njo maana tunaiandika." Akatoa mfukoni kalamu nene nyeusi, ile ya kuandikia magunia ya madini. "Hii haitoke. Hata mvua ipige, hata uisugue na mucanga. Sasa, jina ya Mulango imeenda. Ju ya nini jezi ibakie bure? Mi natia franga yangu mu beseni, na naandika 'Fiston'. Mwengine anatia, anaandika yake. Kama ni zambi, muniambie."

Macho yote yakaenda kwa Mama Bernadette. Ilikuwa jezi ya mume wake. Watu wa machimbo kuandika majina yao juu ya Mulango! Nilimwona akiinuka polepole, akaja hadi mezani, akapitisha kiganja juu ya kitambaa kama anatafuta mkunjo aliousahau.

"Kama haingefuliwa," akasema, "ningekataa. Ilikuwa ya maiti. Lakini nimeifula na mikono yangu. Nguo ya marehemu ikisha fuliwa, ni ya batu bazima. Muandike." Akaweka kidole upande wa moyo, juu ya kile kivuli cha buluu. "Hapa tu, hapana. Hapa alikuwa anaandika yeye."

Fiston akatia, akaandika. Mwenzake akatia, akaandika. Halafu sikuona tena ni nani, maana ukumbi wote ulikuwa umesimama. Mama wa bitumbula alitia sarafu zake za asubuhi akaandika jina la mwanawe kwa sababu hakujua kuandika, na mwanawe aliyemwongoza mkono alijua kuandika lake tu. Kwaya iliimba hadi sauti zikakauka, wakawa wanapokezana, wengine wakija kutia na kurudi kuimba. Nilipiga kelele kuliko siku zote za makayabu. Mwisho Tata Sylvain akavua koti. "Munipatie hiyo kalamu," akasema, akatia bunda ambalo lilifanya watu wapige vigelegele, akaanza kuandika jina lake kubwa kama kwenye mlango wa lori. Mama Bernadette akampiga kofi dogo la mkono. "Tata, punguza! Bengine banakuya."

Tulilipia kitanda, tulilipia vyuma, na Béa akaenda Lubumbashi. Sitaandika juu ya miezi ile ya plasta na machozi. Wenyewe mnaiona kila siku kwa watoto mnaowatunza. Nitaandika tu kwamba aliporudi Kasaji nilikuwepo. Alikwenda uwanjani kwa magongo, akayatupa, akasimama kati ya ile miti miwili. Amesimama! Mpira wa kwanza ulimpita hivi-hivi, kwa sababu alikuwa anaangalia miguu yake. Nkambo akaanguka magotini kwenye vumbi akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo hata mimi niliionea wivu.

Nirudi nyuma kidogo: wiki moja baada ya mnada Jean-Paul, aliyekuwa ananiangalia kwa aibu muda wote huo, alikuja kuniuliza: jezi ni ya nani? Nani aliyetia wa mwisho? Tukafikiri. Hakuna aliyekumbuka, maana kiitikio cha tatu hakikufika siku ile. Kwaya haikunyamaza mpaka watu wanakwenda nyumbani, na mimi sikupiga mchi. Kwa sheria ya Tata Mwepu, mnada ule haujafungwa. Ndiyo maana jezi iko ukutani kwenye chumba cha viatu, na beseni chini yake, na kalamu ya magunia imefungwa kwa kamba, na kila mzazi, dereva na mgeni anayepita anatia chochote na kuandika. Mlikuwa mnadhani ni mapambo. Majina yameshafika mikononi na mgongoni, yamezunguka namba moja. Kile kivuli cha buluu hakuna aliyekigusa.

Miaka yote nilikuwa napita chini ya jezi ile na ndoo au na mtoto, na sikuandika. Muuzaji hanunui.

Mwezi uliopita, siku mliyoniaga, mlinipa kitenge kizuri na saa ya ukutani ambayo inakwenda mbele ya wakati, aksanti sana. Nikampa mchi muuzaji mpya wa kituo. Ni yule asiye na haya aliyenitisha jikoni kwangu, na sasa namtaja: ni Béa. Anashona viatu vya watoto kwa mikono ileile ya kipa, na sauti anayo, Mungu amsaidie jirani yake. Mama Bernadette alikuwa ametoka Kasaji, mzee sasa, amekaa kwenye kiti chini ya jezi. Béa akapima uzito wa mchi, akanitazama.

"Mama Henriette. Muchi iko na mi. Weye hauko tena muuzaji."

"Sawa," nikasema, sikumwelewa.

"Basi, andika jina yako."

Nikasogea kuchukua kalamu. Akaniwekea mchi mbele ya kifua.

"Tia kwanza franga, mama. Hapa hapaandikwe bure."

Chumba kizima kilicheka, na Mama Bernadette alicheka hadi akakohoa. Nikafungua fundo la kitenge changu. Nikatia noti. Hakuna mkono ulioingia kwenye beseni kuitoa. Nikatafuta nafasi, nikaipata ndogo karibu na kiwiko, pale palipokuwa na udongo wa fainali, nikaandika Henriette. Sikuweza kuona vizuri kwa machozi, herufi zimepinda, mtaziona. Namshukuru Tata Mwepu, na Kalenga, na sabuni ya Mama Bernadette.

Wanakwaya waliokuwepo wakaanza kiitikio. Wakakiimba mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na hakuna mwingine aliyesogea: wa mwisho kutia nilikuwa mimi. Wote tukamwangalia Béa. Alikuwa amesimama wima, mchi umeinuliwa. Akauangalia, akaangalia jezi.

Akautia mfukoni.